Mteremko Ambao Haukuwepo

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, Tukuyu mjini, na kwa miezi mingi ya mwaka madirisha yake hayakuonyesha kitu ila ukungu. Bosi alikuwa amefanya kazi ya uhandisi serikalini maisha yake yote. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, na viwanda vikawa vinapata wenyewe wapya, aliondoka kabla hajaondolewa, akapanga vyumba vile, akagongomea kibao mlangoni. Kazi yetu ya kwanza kubwa ilikuwa barabara za majani ya chai. Kiwanda kilikuwa kimeuzwa, na walionunua walitaka malori yafike mpaka kwa wakulima wadogo vijijini, yachukue majani kabla hayajanyauka.

Mimi ndiye niliyekuwa mhitimu peke yangu pale. Nilizaliwa Tukuyu, mama yangu akiwa mwalimu, nikaenda chuo kikuu Dar es Salaam, nikarudi na digrii ya uhandisi na tabia ya kuuliza "kwa nini" mpaka watu wakawa wananikwepa. Niliuliza kanisani, nikauliza msibani. Shangazi yangu alisema chuo kilinifundisha kila kitu isipokuwa kunyamaza. Sikuona aibu. Watu wengi waliokuwa wakitubadilishia maisha siku zile walikuwa wanaitikia tu maneno ya wengine, na mimi niliapa kwamba sitaitikia kitu nisichokiona.

Toleo jipya la programu ya kuchorea lilitufikia kwa basi la Dar, CD moja ndani ya bahasha ya kaki iliyopigwa gundi pande zote kama imebeba talaka. Nilikwenda Mbeya siku tatu kufundishwa, nikarudi, nikaliingiza kwenye kompyuta yetu moja, iliyokaa chumba cha ndani kwa sababu cha nje kilivuja.

Toleo la zamani halikujua kitu ila mistari. Ukitaka mlima, ulichora mistari ya kimo mmoja baada ya mwingine, ukitazama namba alizoleta mpimaji na kukisia kati ya pointi na pointi. Hiyo ilikuwa kazi ya mchoraji wetu. Alikuwa mtu mzima wa pale mjini, Mwislamu, ndugu zake wote wakiuza nguo sokoni. Yeye peke yake katika familia ndiye aliyependa karatasi. Alichora kwa wino miaka ishirini kabla ya kukalishwa mbele ya kompyuta, miwani ikiwa imemtelemka puani, akibonyeza kitufe kimoja kimoja kama anayemtekenya mtoto aliyelala.

Alikuwa na kanuni moja iliyonikera. Mahali ambapo mpimaji hakufika, alipaacha peupe. Hakuweka hata nukta. Ndani ya weupe huo aliandika kwa herufi ndogo: HAPAJAPIMWA. Wateja hawakupenda. Ramani zetu zilionekana kama shuka lililotafunwa na panya. Lakini hakuna mtu aliyethubutu kupitisha mfereji mahali peupe, kwa hiyo mpimaji alilazimika kurudi, akilalamika, na kupima.

Toleo jipya lilijenga ardhi yenyewe. Uliliingizia pointi zako, likaziunga kwa pembetatu ndogo ndogo kama wavu, likauvika wavu ngozi, likapaka rangi, kijani bondeni na kahawia mlimani. Uliweza kuigeuza nchi ukaitazama kwa chini kama unavyotazama sufuria. Ukichora barabara, lilikuambia udongo gani ukatwe na upi ujazwe. Ukidondosha tone la maji popote, lilikuchorea mshale wa buluu kuonyesha tone litapita wapi mpaka mtoni. Siku ya kwanza nilidondosha matone mpaka umeme ukakatika.

*

Barabara iliyonipata ilikuwa ya Kisondela. Ilipita juu ya kilima, migomba juu yake na migomba chini yake, na kazi yangu ilikuwa kuamua maji ya mvua yatakayokusanywa na mifereji ya barabara yatolewe wapi. Nilikwenda siku moja wakati mpimaji anamalizia. Chombo chake kilisimama njiani kwa miguu mitatu, na mbele yake kibarua aliyeajiriwa pale pale kijijini alishika fimbo ndefu ya kupimia, anasogea, anasimama, mpimaji anasoma, anaandika, anampungia mkono asogee tena. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mrefu, mwenye mkono usiotetemeka. Mpimaji alimsifu kuliko wanaume wote aliowahi kuwapa ile fimbo.

Nikaona kwamba kila alipofika kwenye shamba moja la migomba chini ya barabara, alizunguka. Alishuka upande wa kulia mpaka kijitoni, akafuata kijito, akapanda upande wa kushoto. Katikati hakuingia.

"Kwa nini anazunguka?" nilimuuliza mpimaji.

Hakutoa jicho kwenye chombo. "Pale kwa baba mkwe wake."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapiti. Injinia, wewe ndiye wa huku. Mimi mtu wa Songea utaniuliza mambo ya Wanyakyusa?"

Nilijua, bila shaka. Bibi yangu alikuwa akisimulia jinsi alivyojitupa kwenye mtaro wenye maji, mtoto akiwa mgongoni, kwa sababu baba mkwe wake alitokea ghafla njiani. Kwetu inaitwa ukutiila: mkamwana hakutani na baba mkwe, haingii nyumbani kwake, hamtazami usoni, na anayeshika mila sana hatamki hata jina lake. Nilidhani mambo hayo yalizikwa na bibi.

Mchana tulikaa kando ya njia, mimi na yule kibarua, tukala ndizi za kuchemsha alizofungasha kwenye jani.

"Anakutisha?" nilimuuliza.

"Nani, dada?"

"Mkwe wako."

Alicheka. "Yule? Mpole yule. Juzi alimpa mtoto parachichi aniletee, kapu zima."

"Sasa si upite dakika mbili tu, usimame na fimbo, utoke?"

"Kwa kuwa ni mpole ndiyo nimvunjie heshima?"

"Heshima gani ya kujificha kwenye migomba?"

"Dada, huko chuoni ulikuwa unaingia chumbani kwa mwalimu wako bila hodi?"

"Hiyo si sawa na hii."

"Haya, si sawa," alisema, akanimegea ndizi nyingine kama anayembembeleza mtoto.

Mpimaji alisema atarudi Jumatatu na mtu mwingine amalizie pale kati. Jumatatu ilinyesha. Jumanne alipelekwa Matwebe kwenye barabara nyingine. Akaniletea namba zake zikiwa duara: pointi za juu kando ya barabara, pointi za pembeni kulia na kushoto, pointi za chini kwenye kijito. Nyumba ya mzee aliichora kwa kukadiria, mraba mdogo katikati ya duara, na alama ya kuuliza ambayo mimi niliifuta kwa sababu programu haikuwa na mahali pa kuiweka.

Ni lazima niseme hili kama lilivyokuwa. Programu yenyewe haikuziba lile pengo. Mara ya kwanza nilipoipa zile pointi, iliacha shimo jeusi katikati ya kilima, na ikatoa kijisanduku cha maneno kunionya kwamba sehemu ile haina vipimo. Chini ya maneno kulikuwa na mahali pa kuweka alama ukitaka onyo lisitokee tena. Niliweka alama. Kisha nikatafuta nilichofundishwa Mbeya: mahali pa kuandika pembetatu isizidi urefu gani. Nikaongeza namba. Shimo likapungua. Nikaongeza tena. Pembetatu mbili ndefu zikanyoosheana mikono kutoka barabarani mpaka kijitoni, ngozi ikazifunika, na kilima kikawa kizima, laini, kinateremka polepole kama mgongo wa ng'ombe aliyelala. Nikadondosha tone. Mshale wa buluu ukashuka katikati bila kusita. Nikaweka kalvati pale juu, na mdomo wake nikauelekeza hapo.

Mchoraji alikuja na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Hapa jana palikuwa shimo."

"Nimeziba."

"Mmepapima?"

"Programu imepiga hesabu, mzee. Inachukua pointi za pembeni."

"Kwa hiyo mtu akijua mlango wangu wa mbele na mlango wangu wa nyuma, ameshajua ndani kumepikwa nini."

"Hii ni hisabati."

"Sikatai. Namuuliza injinia wangu, yeye asiyeamini mpaka aone: katikati hapo ameona nini?"

Nilikuwa nimechoka, na bosi alikuwa amesema wateja wanakuja kesho. Nikamwambia anaikataa mashine kwa sababu anajua itamnyang'anya kazi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akairudisha. Baadaye, ramani ilipokuwa imeshachapwa, niliona ameandika kwa penseli juu ya ule mraba wa nyumba lile neno lake. Bosi alilifuta kwa raba mbele yetu wote, taratibu, akapuliza vumbi la raba likaanguka sakafuni.

Wateja walipokuja niliwageuzia kilima. Mmoja alisema ni kama tumepanda ndege. Mimi nikatia sahihi mahali palipoandikwa mbunifu, bosi akatia chini yangu.

*

Barabara ilichongwa kiangazi, kalvati likawekwa, lori la kwanza likapita watoto wakilikimbilia. Nilirudi Kisondela baada ya mvua za kwanza za Novemba, kukagua tu, na ndipo kwa mara ya kwanza niliufuata mdomo wa kalvati langu kwa miguu.

Maji yalikuwa yamejichimbia njia kwenye migomba, nyembamba, yenye kingo zilizonyooka kama zimekatwa kwa jembe. Niliifuata. Nikatokea uani kwa mzee, nyumba ya matofali mabichi na bati, kaburi la saruji ubavuni. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kigoda akichana nyuzi za mgomba.

"Ugonile, tata," nilimwamkia kwa Kinyakyusa, kama mtu anavyomwamkia baba.

"Ndaga." Aliniangalia viatu, kisha uso. "Wewe ni mtoto wa yule mwalimu wa Tukuyu. Mnafanana midomo. Umefuata maji?"

"Ndiyo."

"Twende, hayajafika mbali."

Alinipeleka nyuma ya nyumba. Hatua kumi na moja kutoka ukutani, ardhi ilikwisha. Chini yetu palikuwa na korongo, limefunikwa na majani mapana na mimea ya kutambaa, kina chake mgomba ungeweza kusimama ndani na mwingine juu yake. Chini kabisa kulikuwa na chemchemi, nikaisikia bila kuiona. Lilikuwepo tangu babu zake. Watu walichota maji pale. Lilikuwa limetulia kwa sababu hakuna aliyelimwagia kitu. Udongo wetu wa Rungwe ni majivu ya milima ya moto ya zamani: juu ni mweusi na unaotesha chochote, chini ni changarawe nyepesi ambayo ukiitia kwenye ndoo ya maji inaelea. Maji yakishapata mlango, inatoka yenyewe.

Kwenye ramani yangu, mahali nilipokuwa nimesimama palikuwa pa kijani.

"Kumi na nne zilikuwa," mzee alisema. "Hatua. Mvua hizi ndogo zimekula tatu. Masika sijui."

"Tata, ni mimi niliyechora maji yaje huku."

"Wewe? Ulikuja lini? Sikukuona."

"Sikuja."

Alilirudia neno langu bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Uliyachora hujafika," alisema.

Nilimwambia ahame kabla ya masika. Akaonyesha kwa kidevu kaburi la mkewe, kisha upande wa pili wa migomba, ambako bati la nyumba ya mwanawe lilionekana. Mwanawe alikuwa Chunya, kwenye dhahabu. "Nihamie wapi? Pale kuna mkamwana. Nikilala pale, yeye atalala wapi?"

Bosi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza ramani ina sahihi ya nani.

"Yangu. Na yako."

"Na kazi imekabidhiwa. Ukisema leo ardhi siyo hiyo, kesho watauliza na zile nyingine. Tutaweka mawe baada ya masika."

"Baada ya masika hakuna pa kuweka mawe."

"Wewe uliniambia programu inaona kuliko sisi," alisema, na alikuwa na haki, nilimwambia hivyo.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa wakulima wa kule, nikamwomba tuzibe kalvati kwa muda na kuyageuzia maji upande mwingine. Alinisikiliza kwa adabu. Upande mwingine maji yangekata barabara. "Mwanangu, lori lisipopita siku mbili, majani yote ni mbolea. Kuna kaya ngapi hapa? Na yule ni mzee mmoja, na nyumba moja." Hakulisema kwa ukatili. Alikuwa amefanya hesabu, kama mimi nilivyofanya.

Kwa hiyo nilichoweza ni kuhesabu. Kila Jumamosi nilichukua pikipiki ya ofisi, nikashuka Kisondela, nikapiga hatua kutoka ukutani mpaka ukingoni. Zilikuwa kumi na moja. Zikawa kumi. Zikabaki kumi kwa majuma mengi, nikaanza kutumaini. Machi zikawa nane. Mkamwana, yule yule aliyeshika fimbo ya kupimia, alikuwa ananingojea barabarani, pembeni ya kalvati, amejifunika kanga.

"Ngapi?"

"Nane."

"Amekula?"

"Amekula. Anasema mtori ulikuwa na chumvi nyingi."

"Kila siku anasema hivyo." Yeye ndiye aliyempikia, na watoto ndio waliopeleka. Miaka tisa ya ndoa, hakuwahi kumwona anavyotafuna.

Jumamosi nyingine nilimuuliza lililokuwa linanikosesha raha. "Ikikatika mchana, watoto wapo shule, nani atamwambia?"

"Utakuwa umekuja wewe."

"Mimi nakuja Jumamosi tu."

"Basi ikatike Jumamosi," alisema, na hakucheka.

*

Aprili ilinyesha siku mbili bila kupumua. Mlima Rungwe ulipotea, kisha nyumba za ng'ambo ya barabara zikapotea. Alhamisi asubuhi mchoraji aliingia ofisini akiwa ameloa, akatazama dirisha, akaniambia, "Chukua koti langu. Nenda." Hakusema wapi.

Nilifika saa tano. Pikipiki niliiacha juu, kwa sababu barabara ilikuwa utelezi tupu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kalvati kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye maji, nzito, kama mawe yanaburutwa. Mkamwana alikuwa amesimama mpakani mwa shamba la mkwe wake, kwenye mgomba wa kwanza, amekumbatia shina. Alikuwa ameita mpaka sauti imemkauka. Aliita "wa nyumbani", aliita "jamani", kwa sababu jina hakuweza kuliita. Mvua juu ya bati ilimeza yote. Alikuwa ametupa parachichi mbichi juu ya paa, nikaziona zimetapakaa uani. Mlango ulikuwa umefungwa. Mzee alikuwa amezidiwa na kifua tangu Jumanne, alikuwa amelala.

"Nenda wewe, dada," aliniambia. "Wewe unaruhusiwa."

Nilikwenda. Nilivuka uani mpaka karibu na kaburi, na pale nikaona ufa. Ulianzia ukingoni, ukapita nyuma ya nyumba, ukazunguka pembe, ukaingia chini ya kizingiti. Upana wake ulikuwa wa kidole. Nikiwa nautazama, ukawa wa vidole viwili. Hakuna aliyekuwa anajua kuliko mimi ufa ule maana yake nini. Nilijua uzito wa udongo uliolowa. Nilijua kwamba kilichobaki chini ya nyumba ile kimeshaachana na kilima na kinangoja. Niliinua mguu, nikaurudisha. Nikauinua tena.

Mimi ambaye sikuwa na mwiko wowote, mguu ulinigomea.

Sikumsikia akinipita. Niliona kanga tu, ameivuta mpaka imefunika uso wote, anakwenda kwa kupapasa, kichwa amekigeuzia pembeni. Alisukuma mlango kwa bega. Ndani nilisikia sauti ya mzee, ya mtu aliyeshtushwa usingizini. Walitoka amemshika mkono. Sijui niseme nini juu ya sura ya yule mzee. Alikuwa amejiziba macho kwa mkono wake wa pili, kama mtu aliyekutwa anaoga. Walivuka ufa hivyo, mmoja amejifunika, mwingine amejiziba, wote wawili hawaoni, na mimi mwenye macho nimesimama. Nilimpokea mzee mkono. Mkamwana aliuachia pale pale akakimbia kwenye migomba.

Ukuta wa nyuma ulikwenda kwanza, bila kelele kubwa. Bati lilikunjika. Kisha sakafu, kitanda, na kigoda vikateremka pamoja mahali pamoja, polepole, mahali ambapo mimi nilichora mteremko.

*

Wazee wa ukoo walikaa Jumapili iliyofuata. Nilidhani wataniita mimi. Walikaa kuzungumza juu ya mkono ule ulioshikwa, namna ya kuutengeneza, nani apeleke nini kwa nani, ili mkamwana asipatwe na baya na mzee asipatwe na baya. Nyumba haikutajwa. Mkamwana aliniambia baadaye kwamba alikubali yote waliyosema. Alipungua mwili. Mtoto wake mdogo alishikwa na homa juma lile, na watu wakatazamana. Nilimwambia ni malaria. Aliniitikia, "Ndiyo, dada," kwa sauti ile ile aliyoniambia "haya, si sawa."

Ofisini sikufukuzwa. Bosi aliandika ripoti kwamba mvua ilizidi kipimo cha kawaida. Mchoraji aliisoma, akaniletea, akaiweka juu ya meza yangu, na penseli juu yake. Niliandika barua yangu mwenyewe kwa wenye kiwanda, nikaeleza nilichofanya na zile pembetatu. Mpaka naandika haya hawajajibu, na malori yanapita.

Mzee alikuwa amehifadhiwa jikoni kwa jirani. Mwisho wa Mei nilimkuta amekata fito, amezilaza chini kwenye kipande cha ardhi juu ya pale pa zamani, hatua chache kutoka kaburini. Kaburi lilikuwa halijaenda. Hatua nne lilibakiza. Mkamwana alikuwa ng'ambo ya migomba, anafunga fito kwa nyuzi, mafungu mafungu, anayaacha njiani tuyafuate.

"Tata, hapa ni karibu sana."

"Nikienda mbali, nani atamlinda huyu?" Alilitazama kaburi. "Wewe umesoma ardhi. Hapa chini pana nini?"

Nilitembea kipande kile chote, kwenda na kurudi, nikakikanyaga kwa kisigino, nikachimba kwa kijiti, nikapiga magoti nikanusa. Alinisubiri.

"Sijui."

"Ile mashine?"

"Nayo haijui."

Alitikisa kichwa kama aliyepewa bei ambayo tayari alikuwa ameisikia. Kutoka korongoni donge la udongo lilidondoka, kukawa kimya, likadondoka jingine. Mzee alichagua mti wa kwanza, akausimamisha kwenye shimo alilokuwa ameshachimba.

"Shika hapa," aliniambia. "Unyooke."

Nikashika, naye akaanza kushindilia.